Adriano Atiman, Mtumwa Aliyefanywa Mganga wa Karema

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa mashariki, pana misioni iitwayo Karema. Mtu atokaye Kavimvira na kutaka kufika huko hushuka na chombo kuelekea kusini. Atapita Baraka na rasi ya Ubwari, atapita Kigoma, ataiacha Kalemie upande wa magharibi, na ndipo atafika Karema, mahali panapotazamana na Mpala. Katika misioni hiyo alifariki mwaka 1956 mzee mmoja ambaye watu wa pwani za Ziwa walimjua kwa miaka mingi. Jina lake ni Adriano Atiman. Hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa mtu mwenye mke na mwana, mwalimu wa dini na mganga wa wagonjwa. Kabla ya hayo yote alikuwa mtumwa.

Yafaa wakatekumeni wayajue maisha yake, kwa maana wengi hujiuliza kama mtu aliyepatwa na mabaya makubwa aweza kusimama tena na kutumaini. Maisha ya Atiman yanatoa jibu.

Mtoto wa Mto Niger

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866, katika kijiji kilicho kando ya mto mkubwa uitwao Niger, si mbali na mji wa Timbuktu. Nchi hiyo leo huitwa Mali, nayo ipo mbali sana, upande wa machweo wa Afrika. Watu wa huko huvua samaki mtoni na kulima bondeni, kama vile watu wa Uvira wanavyovua ziwani na kulima katika bonde la Ruzizi. Mtoto wa mahali pale alikua akisikia maji na makasia, na kuwaona wavuvi wakirudi asubuhi.

Zamani hizo biashara ya watumwa ilikuwa bado inaendelea katika sehemu nyingi za Afrika. Wako waliotekwa vitani, wako walioibwa njiani au kisimani, na watoto walipendwa kuliko wote, maana hawana nguvu za kukimbia, nao husahau upesi lugha ya kwao. Atiman alikuwa bado mtoto mdogo alipoibwa. Siku moja tu ilitosha kumwondolea baba, mama, nyumba na jina la ukoo wake. Tangu siku ile alihesabiwa kuwa mali, kama mbuzi au mzigo wa chumvi.

Watu wa Ziwa Tanganyika wanaielewa habari hii bila kuelezwa sana. Katika miaka ileile, Ujiji ilikuwa soko kubwa la watumwa na pembe za ndovu. Rumaliza, mfanya biashara mkubwa wa Ujiji, alikuwa na watu wenye bunduki waliozunguka pwani zote za kaskazini, na Uvira ilikuwa kituo chao kimojawapo. Wazee walisimulia jinsi vijiji vilivyohamia milimani kwa hofu. Mtoto aliyeibwa Niger na mtoto aliyeibwa Ubwari waliteswa na uovu mmoja.

Njia ya jangwani

Waliomteka Atiman walimpeleka kaskazini, kulivuka jangwa liitwalo Sahara. Jangwa hilo ni nchi ya mchanga na mawe, isiyo na mto wala mti, ambamo visima viko mbali, hata msafara hutembea siku nyingi kabla ya kukutana na maji. Mchana jua huwaka, usiku baridi huingia mifupani. Ngamia walibeba chumvi, ngozi na bidhaa nyingine. Watumwa walikwenda kwa miguu. Aliyechoka alipigwa, na aliyeshindwa kabisa aliachwa mchangani afe.

Toka Timbuktu hata mwisho wa jangwa lile ni karibu kilomita 1,800, hata kama mtu angekwenda moja kwa moja kama ndege arukavyo. Hiyo ni karibu mara tatu ya urefu wa Ziwa Tanganyika, tangu Uvira hata mwisho wake wa kusini. Atiman alikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Watoto wengi wa umri ule hawakufika mwisho wa njia.

Yeye alifika. Mwaka 1876 alikuwa Metlili, mji mdogo wenye mitende katika kusini mwa nchi ya Algeria. Wafaransa waliotawala Algeria walikuwa wamekataza utumwa tangu mwaka 1848, lakini kule pembeni mwa jangwa wafanya biashara waliendelea kuuza watu kwa siri.

Kukombolewa mara mbili

Huko Metlili walikuwako wamisionari, Mapadri Weupe. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, aliyefanywa Kardinali baadaye. Mapadri hao walitamani kulivuka jangwa na kufika Timbuktu. Katika mwaka huohuo wa 1876 watatu wao, Padri Paulmier, Padri Ménoret na Padri Bouchand, waliuawa jangwani wakiwa njiani kwenda huko. Basi, mapadri waliitoa damu yao katika njia ya kwenda Timbuktu, na mtoto wa upande wa Timbuktu akaletwa katika mikono ya ndugu zao.

Wamisionari walitoa fedha wakamkomboa Atiman. Akapelekwa Algiers, akakaa pamoja na watoto wengine waliokombolewa kama yeye. Huko alipewa nguo na chakula, akaanza kujifunza kusoma na kuandika. Mtu aweza kudhani ya kuwa tangu saa ile taabu yake iliisha. Lakini kamba ya mkononi hukatwa kwa siku moja, na jeraha la moyoni halifungwi kwa siku moja. Mtoto yule alikuwa katika nchi ya ugenini, hakuna aliyesema lugha ya mama yake, na njia ya kwao ilikuwa imefungwa na jangwa.

Tena, hakubatizwa siku alipokombolewa. Kardinali Lavigerie hakupenda watu wabatizwe kwa haraka. Kwa misioni zake za Afrika aliweka sheria ya miaka minne: miaka miwili ya kwanza mtu ajifunze kweli za mwanzo na kuonyesha nia yake, miaka miwili ya pili awe mkatekumeni wa kweli, ajifunze sala, amri na Sakramenti, na mwenendo wake uangaliwe. Wengi walinung'unika, kama wengi wanavyonung'unika hata leo. Lakini Kardinali alijua ya kuwa mti uliopandwa upesi bila shimo la kutosha hung'olewa na mvua ya kwanza.

Atiman alijifunza kwa muda wa miaka. Katika mafundisho alisikia habari iliyofanana na yake. Alisikia ya kuwa wanadamu wote waliuzwa na dhambi, wakawa watumwa wa shetani, na ya kuwa Mwana wa Mungu alishuka kuwakomboa, wala hakuwakomboa kwa fedha bali kwa damu yake msalabani. Alisikia ya kuwa Yesu mwenyewe aliuzwa na rafiki yake kwa vipande thelathini vya fedha. Mtoto mwingine huyasikia maneno hayo na kuyakariri. Mtoto aliyewahi kusimamishwa sokoni na kutajiwa bei anayaelewa.

Mwisho akapokea Ubatizo, akaitwa Adriano. Mara ya kwanza alikombolewa na watu, na mara ya pili alikombolewa na Kristo. Ukombozi wa kwanza ulimpa ruhusa ya kwenda atakako. Wa pili ulimpa sababu ya kwenda.

Kisiwa cha Malta

Kardinali Lavigerie alikuwa na wazo moja kubwa, ya kwamba Afrika itaokolewa na Waafrika wenyewe. Wageni wanaweza kuanza kazi, lakini hawataimaliza. Akaona pia ya kuwa mahali pengi mtu hamsikilizi mwalimu mgeni, lakini humfungulia mlango mganga, maana ugonjwa hauchagui dini. Basi akaamua kuwachagua vijana waliokombolewa utumwani, wafundishwe uganga kwa miaka mingi, kisha warudi katika bara lao wakawe waganga-makatekista. Waoe, wakae vijijini, waponye wagonjwa na kuwafundisha watu habari za Mungu.

Mwaka 1881 nyumba ya vijana hao ilifunguliwa katika kisiwa cha Malta, na Atiman akawa mmojawapo. Malta ni kisiwa kidogo katikati ya bahari, kati ya Afrika na Ulaya. Wasomaji wa Matendo ya Mitume wanakijua. Ndicho kisiwa ambapo merikebu ya Mtakatifu Paulo ilivunjika, alipokuwa anapelekwa Roma akiwa amefungwa. Paulo alifika pale kama mfungwa aliyeokoka majini, naye akamwekea mikono baba wa mkuu wa kisiwa, akamponya, na wagonjwa wengine wakaletwa kwake. Mfungwa akawa mponyaji wa wenyeji. Katika kisiwa hicho, miaka zaidi ya 1,800 baadaye, mtumwa wa zamani alianza kujifunza kuponya.

Kazi ilikuwa ngumu. Vijana walisoma katika Chuo Kikuu cha Malta pamoja na wana wa kisiwa. Walijifunza viungo vya mwili, magonjwa na dalili zake, dawa na vipimo vyake, kufunga mifupa iliyovunjika na kupasua panapohitaji kupasuliwa. Yote yalikuwa kwa lugha za kigeni. Kardinali aliagiza pia wasizoezwe anasa za Ulaya, wale vyakula vya kawaida na kulala kwa namna ya kwao, ili wasije wakawadharau watu watakaotumwa kwao. Si wote waliodumu. Wengine walishindwa masomo, wengine walichoka, na baada ya miaka michache nyumba yenyewe ilifungwa. Atiman alidumu hata mwisho, yapata miaka saba.

Kwenda mahali penye moto

Mwaka 1888 masomo yalikwisha. Atiman alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili hivi, mwenye afya, elimu na ufundi ambao watu wachache sana wa Afrika walikuwa nao wakati ule. Alikuwa huru. Katika miji ya pwani ya kaskazini kijana wa namna hii angeweza kupata kazi na kuishi kwa raha.

Yeye akakubali kwenda Ziwa Tanganyika.

Yafaa kuelewa maana yake. Mwaka ule Kardinali Lavigerie alikwenda Paris, London na Brussels kuwahubiria watu wa Ulaya juu ya utumwa, kwa kuwa alikwisha ona ya kwamba kuwakomboa watoto mmoja mmoja kwa fedha hakutamaliza uovu huo. Na alipotaja mahali ambapo uovu ulikuwa umezidi, alitaja nchi za Maziwa Makuu. Wamisionari walikuwa wamefika Ziwa Tanganyika tangu mwaka 1879, na walikuwa wamekwisha lipa kwa damu: tarehe 4 Mei 1881 Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao D'Hoop waliuawa Rumonge, upande wa Burundi. Misioni ya Kibanga, karibu na Ubwari, ilijaa watu waliokimbia na waliokombolewa, na homa ilikuwa ikiwaua wamisionari wake. Hiyo ndiyo nchi aliyotumwa Atiman. Mtoto aliyetolewa katika mikono ya wateka watu alikwenda kwa hiari yake mwenyewe mahali walipo wateka watu.

Aliondoka mwaka huohuo pamoja na wamisionari, wakapita kwa merikebu hata Zanzibar. Pwani ilikuwa inachafuka. Mwezi wa Agosti 1888 watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, waliinuka juu ya Wadachi waliotaka kuitawala nchi, na njia za misafara zikawa za hatari. Toka pwani hata Ziwa ni zaidi ya kilomita 1,000, nazo zilipitwa kwa miguu, kwa njia ileile ambayo watumwa wengi walishushwa baharini. Mara ya kwanza Atiman alitembea nyuma ya ngamia akiwa amechukuliwa. Mara hii alitembea akiwa amebeba dawa. Mwaka 1889 akaingia Karema.

Karema

Karema ilikuwa ngome. Wabelgiji waliijenga mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawakabidhi Mapadri Weupe pamoja na Mpala ya ng'ambo. Ndani na kando ya kuta zake walikaa wamisionari, jamaa za Wakristo wapya, wakatekumeni, na watoto waliookolewa katika misafara. Ng'ambo, upande wa Mpala, Kapteni Joubert na watu wake walilinda vijiji juu ya wavamizi. Hiyo ndiyo jamaa ya Joubert ambamo alizaliwa baadaye Abbé Albert Joubert, mwenyeheri wa Fizi.

Wagonjwa hawakuchelewa kuja. Walikuja wenye homa, wenye kuhara damu, wenye ndui, wenye vidonda vya miguu visivyopona, waliopigwa risasi katika mavamizi, wanawake waliolemewa na uchungu wa uzazi. Baadaye funza waliingia katika nchi za Ziwa, wakawalemaza watu wasiojua kuwatoa. Mwanzoni mwa karne ya ishirini malale ikashuka katika pwani, na vijiji vizima vikahamishwa mbali na maji. Mwaka 1914 vita ya Wazungu ikaanza, nayo ikafika hata juu ya Ziwa, Wabelgiji, Waingereza na Wadachi wakipigana kwa meli. Dawa kutoka Ulaya zilichukua miezi kufika, na wakati wa vita zilikuwa shida kupatikana.

Katika haba hiyo Atiman hakukaa bure akingoja masanduku. Aliwauliza wenyeji juu ya miti na mizizi wanayoitumia, akaichunguza, akaacha yenye madhara na ushirikina, akashika yenye kufaa, akayatia katika kazi yake pamoja na aliyojifunza Malta. Hakuwadharau wazee wa nchi kwa kuwa yeye alisoma chuo kikuu. Mwenye kiburi hujifunza mara moja tu katika maisha yake. Mnyenyekevu hujifunza hata uzeeni.

Naye hakusahau ya kuwa alitumwa kwa kazi mbili. Aliyemfunga mtu kidonda ndiye aliyemfundisha njia ya msalaba. Watu wanaolala katika mikeka yao ya ugonjwa huuliza maswali ambayo wazima hawaulizi: kwa nini mimi, nimemkosa nani, je, Mungu ananiona? Mwalimu ambaye hajawahi kuteswa hujibu upesi. Atiman, aliyevushwa jangwa akiwa mtoto, alikuwa na haki ya kukaa kando ya mkeka na kujibu polepole.

Mke na mwana

Adriano alimwoa Agnes, binti wa mtemi wa Wabende, watu wa nchi ile. Hili si jambo dogo. Katika desturi za zamani mtumwa hana ukoo. Hakuna wajomba wa kumpelekea mahari, hakuna mzee wa kusema kwa ajili yake. Lakini binti wa mtemi aliolewa na mgeni ambaye ukoo wake ulibaki ng'ambo ya jangwa, na katika Sakramenti ya Ndoa wakafanya jamaa mpya. Mungu alimpa Atiman nchi badala ya nchi aliyonyang'anywa, na watu badala ya watu wake.

Wakapata mwana, akaitwa Yosefu. Wasomaji wa Kitabu cha Mwanzo wanalikumbuka jina hilo: Yosefu mwana wa Yakobo, aliyeuzwa na ndugu zake akiwa kijana, akapelekwa ugenini na wafanya biashara wenye ngamia, na mwishowe akawalisha wenye njaa, hata wale waliomuuza.

Yosefu Atiman alisikia wito wa Mungu, akaingia seminari, na mwaka 1923 akapewa daraja ya upadri. Na tuyatazame mambo hayo kwa utaratibu. Mwaka 1876 mtoto mmoja anauzwa Metlili, wala hana kitu duniani. Miaka 47 baadaye mwana wa mtoto yule anasimama altareni, anashika mkate, na mkate unakuwa Mwili wa Kristo. Katika mwaka wa kwanza wa hesabu hiyo hakuna mwanadamu ambaye angeweza kuuona mwaka wa mwisho. Mungu peke yake aliuona.

Miaka 67

Miaka ilipita. Wadachi wakaondoka, Waingereza wakaja, na mwaka 1922 sheria ikaufuta kabisa utumwa katika Tanganyika. Maaskofu walipokezana: Askofu Lechaptois alifariki Karema mwaka 1917, akaja Askofu Birraux, na wengine baada yake. Wamisionari vijana walifika, wakazeeka au wakazikwa. Mganga wa Karema alikuwapo bado. Kanisa na serikali vilimheshimu kwa nishani. Watoto aliowatibu walileta watoto wao, na hao nao wakaleta wa kwao. Alifariki Karema mwaka 1956, umri wake yapata miaka tisini, baada ya kuwatumikia watu wa Ziwa kwa miaka 67. Hata leo nyumba ya Mapadri Weupe katika mji wa Dar es Salaam inaitwa kwa jina la Atiman.

Mafundisho kwa wakatekumeni

Jambo la kwanza ni hili. Isisemwe ya kuwa Mungu aliwatuma wateka watu ili Atiman awe Mkristo. Utumwa ni uovu, na waliomteka walitenda dhambi kubwa. Mungu hapendi mtoto alie. Vivyo hivyo mtu asimwambie mjane, au aliyepoteza nyumba katika mafuriko ya Uvira ya Aprili 2020, au mkimbizi aliyepita katika kambi ya Kavimvira, ya kuwa mabaya hayo ni mazuri. Dini yetu haiyaiti mabaya mazuri. Yasema neno lingine: ya kuwa hakuna ubaya ulio mkubwa hata Mungu ashindwe kuutolea jema, kama vile alivyotoa wokovu katika msalaba, uliokuwa kosa kubwa kuliko makosa yote.

Jambo la pili. Tumaini la Kikristo ni fadhila ya kimungu, pamoja na imani na mapendo. Si kungoja tu ya kuwa kesho mambo yatakuwa mepesi. Kesho ya Atiman mara nyingi haikuwa nyepesi: baada ya jangwa yalikuja masomo magumu, baada ya masomo safari ya hatari, baada ya safari magonjwa na vita. Tumaini ni kumshika Mungu aliyeahidi, na kwa nguvu zake kuifanya kazi ya leo. Ndiyo maana mwenye tumaini huonekana kwa mikono yake.

Jambo la tatu. Aliyeteswa ana njia mbili. Aweza kuyatunza mateso yake kama deni, akitafuta wa kumlipisha, na mara nyingi humlipisha asiye na kosa, mke au mtoto au jirani. Au aweza kumpa Mungu mateso hayo, na Mungu ayafanye kuwa dawa kwa wengine. Atiman alikuwa na deni kubwa la kudai. Hakulidai kwa watu wa Ziwa. Aliwapa wao alichonyimwa yeye: mkono wa kuwainua walipoanguka njiani. Katika nchi iliyojaa vidonda vya vita, hapana fundisho linalohitajika kuliko hili.

Jambo la nne. Wakristo wa Uvira wanawaheshimu wenyeheri wanne waliouawa tarehe 28 Novemba 1964 huko Baraka na Fizi: Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didonè, Bruda Vittorio Faccin na Abbé Albert Joubert. Walitangazwa wenyeheri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Hao walimpa Mungu uhai wao kwa saa moja. Adriano Atiman alimpa wake kidogo kidogo, siku kwa siku, kwa miaka 67, bila mtu kumwaga damu yake. Ni wachache watakaoitwa kufa kama wale. Wote wanaitwa kudumu kama huyu.

Basi wewe mkatekumeni unayeona njia ya Ubatizo kuwa ndefu, mkumbuke mtoto yule aliyengoja. Wewe unayesema ya kuwa mateso yako yamekuharibu na hufai kitu mbele ya Mungu, mkumbuke mtoto wa Metlili na miaka iliyofuata. Maji utakayomwagiwa ni yale yale aliyomwagiwa yeye, na Kristo atakayekukomboa ndiye yeye yule.

Maswali ya kujibu katika mafundisho

1. Adriano Atiman alizaliwa wapi, na alifikaje Algeria?
2. Kwa nini inasemwa ya kuwa alikombolewa mara mbili?
3. Kwa nini Kardinali Lavigerie alitaka wakatekumeni wafundishwe kwa miaka minne kabla ya Ubatizo?
4. Je, ni sawa kumwambia mwenye kuteswa ya kuwa Mungu ndiye aliyemletea ubaya? Eleza.
5. Yuko nani kijijini mwako ambaye wiki hii waweza kumsaidia, kwa sababu wewe mwenyewe wajua taabu ya namna yake?